Hesabu ya Bonge la Saba

Bonge lenyewe si kubwa: boflo moja, si zaidi.
Lindalva alilikata kwa msumeno maji yalipokupwa,
akalitia ndooni, akanipa kibano na daftari.
"Hesabu kila chenye uhai," alisema, "na kilichokuwa nao."
Ananilipa kwa siku, si kwa kichwa.
Ningelipwa kwa kichwa ningekuwa na pikipiki.

Kwanza wenye nyumba.
Mnyoo mmoja, urefu wa kiungo cha kidole,
na kifuniko cheusi kichwani kama kitako cha sufuria.
Wimbi linapita limebeba mchanga, naye ananyoosha nyuzi,
anadaka chembe, anaigeuza, anaonja pembe zake.
Hii hapana. Hii hapana.
Hii.
Anaipaka ute, anaibandika ukutani,
na ute unashika humo humo majini.

Baba yangu, Osmundo, ni mwashi.
Mwaka juzi aliwajengea wenye hoteli ukuta wa kuzuia bahari:
mifuko mia nne ya saruji, nondo, na dua ya padri.
Bamvua ya Machi ikaula kama biskuti kwenye chai.
Nilipomwambia habari za ule ute alinyamaza,
kisha akaja maabara na viatu vyake vya vumbi,
akaweka jicho kwenye hadubini
mpaka kahawa ya Lindalva ikapoa mezani.
"Huyu," akasema, "hana hata mwiko."
Sikujua kama ni sifa au manung'uniko.

Sasa wapangaji. Niandike.
Kaa wa kaure, bapa kama vifungo vya shati, sitini na mmoja.
Ukimshika mguu anakuachia mguu, anakwenda zake.
Kaa-mawe wachanga, kumi na wanane;
wakikua hawataenea humu, watahama bila kuaga.
Kome kama punje za mchele ulioungua, mia mbili na tatu,
au na nne, macho yalianza kunidanganya.
Kamba mmoja mwenye gando la kualika:
alilialisha ndani ya trei, nikaruka na kiti.
Nyota wa mikono myembamba, wanne,
wamejikunja kwenye mirija ya marehemu.
Humu chumba hakilali tupu hata usiku mmoja.
Na minyoo wengine, wasiojenga, wanaowala waliojenga.
Hao nao niliwaandika. Safu ni ileile.

Nikarudi nyumbani saa nne usiku.
Sebuleni machela tatu mpya zimetundikwa juu ya zile mbili:
shangazi Erondina na wanawe, kutoka bara,
Quixeramobim, ambako mvua imekosa kuja mwaka wa tatu.
Mama alikuwa anaongeza maji kwenye maharagwe.
Hakuna aliyeuliza watakaa mpaka lini.
Nililala na kisigino cha mtoto nisiyemjua jina
kikining'inia shibiri moja juu ya pua yangu.

Lindalva anasema wale wadogo huelea wiki nyingi,
hawana macho ya maana, hawana nanga,
hata waguse gundi ya kale; hapo ndipo hushuka.
Anasema pia bila fujo ya wimbi mchanga haupandi,
na bila mchanga hakuna ukuta,
na wimbi hilohilo ndilo linaloubomoa.
Nikamwuliza: sasa je?
Akasema, sasa bonge la nane.

Jumapili maji yalikupwa mbali.
Mwamba ulikuwa unatatarika juani, vifuniko elfu vimefungwa,
kama mtu anayetafuna mkate mkavu chumba cha pili.
Baba alikuwa amefika kabla yangu,
suruali imekunjwa, mikono mitupu.
Hakunisikia.
Alichota mchanga, akausugua kati ya vidole,
akaacha nyingine zianguke, akabakiza chache kiganjani,
akazisogeza karibu na jicho lake zima.

Daftarini, chini ya jumla, bado kuna mstari sijaufuta:
mguu mmoja. Mwenyewe hayupo.